Mpira Uliopitwa na Tarehe

Mervyn Tranter hakuacha kamwe kuvua pete ya ndoa na kuitia mfukoni kabla ya kushika kazi, hata kazi yenyewe iwe kuosha vikombe. Katika karakana yetu ya torpedo, makombora yaendayo chini ya maji, karibu na Rockingham, pete ikikwaruza mahali panapokaa mpira wa kuzibia, maji ya bahari huingia ndani ya torpedo.

Mwaka ule vipuri vilichelewa kufika kutoka Marekani. Mipira tuliyokuwa nayo ilikuwa imepitwa na tarehe kwa miezi minne. Kanuni zilimruhusu fundi mkuu, naye ndiye Mervyn, aikague, kisha aiongezee muda kwa sahihi yake.

“Tia sahihi, mzee,” nilimwambia. “Mpira haujui kalenda.”

“Wewe ndiye hujui mpira,” akanijibu. Lakini alitia.

Nyambizi iliifyatua torpedo tuliyoifunga kwa mipira hiyo katika mazoezi, bila kilipuzi ndani. Ilipomaliza mwendo wake ilipaswa kuibuka na kuelea, tuirudishe karakanani. Ikazama. Wanamaji waliitafuta siku tisa bila kuipata, wakaandika kwamba chanzo hakijulikani. Hakuna aliyemlaumu Mervyn, na hilo ndilo lililommaliza. Alistaafu mapema, akawa anaisoma upya nakala ya karatasi aliyoitia sahihi, kila asubuhi.

Agosti nilimkuta hospitalini, hawezi tena kuinua kichwa. Nilimwambia kwamba kama kosa lilikuwapo, lilikuwa langu pia, maana mimi ndiye niliyemhimiza.

“Laiti wangeiopoa, hata ikiwa vipandevipande, Noreen,” alisema. “Ningejua tu kama ni mpira au si mpira.”