Nilijaza Usukani Mchanga wa Shelly

Nimekosa, jamani. Nimekosa kisha nikanyamaza, na huko kunyamaza kumenila kuliko kosa lenyewe. Jina langu silitaji, lakini mafundi wa pikipiki wa Likoni wakisoma hapa watanijua. Na wanijue tu, nimechoka kujificha.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa Daktari wa Mtetemo. Jina nilijipa mwenyewe, nikaliandika kwa rangi nyekundu kwenye bati la gereji yangu, njia ya kwendea ufuo wa Shelly. Pikipiki yako ikitetema usukani hadi vidole vinakufa ganzi, niletee, kwa saa moja utaichukua imetulia. Nilijisifu hivyo kwa kila aliyepita. Lo, ulimi wangu!

Dawa yangu ilikuwa mchanga. Usukani wa pikipiki ni bomba, ndani mna uwazi. Ukilijaza mchanga mkavu, ukashindilia, ukaziba ncha zote mbili, bomba linakuwa zito na mtetemo unapungua. Alinifunza marehemu ami yangu, lakini yeye alinipa na masharti yake.

Kwanza utafute mtetemo unatoka wapi. Ikitetema hata imesimama, injini ikinguruma, kagua bolti zinazoishika injini. Ikitetema inapokwenda tu, kagua magurudumu na beringi za shingo ya usukani. Mchanga huja mwisho, baada ya kuutibu ugonjwa wenyewe. Na mchanga wa baharini sharti uoshwe kwa maji matamu mara saba, uanikwe hadi ukauke kabisa, maana chumvi hula chuma. Masharti hayo niliyajua kama ninavyoijua Alhamdu. Sina pa kusema sikuambiwa.

Basi alikuja mzee mmoja wa Port Reitz, mstaafu wa bandarini. Nitamwita Mzee Katana, na mkewe nitamwita Bi Kadzo, si majina yao. Mzee alikuwa amenunua pikipiki kubwa ya safari kwa mzungu aliyekuwa akihama Diani, ile yenye masanduku mawili ya bati ubavuni. Miaka yote alikuwa amemwahidi mkewe kwamba akistaafu watatembea. Tanga, Lamu, Taita, kote. Na walikuwa wakitembea kweli, mama amekaa nyuma juu ya kitakia alichokishona mwenyewe, wazee wawili wanacheka njia nzima!

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Gereji imejaa, kila kijana wa bodaboda anataka chombo chake kiwe tayari kwa Idi, jua kali, koo limenikauka. Mzee akanambia, "Mwanangu, usukani watetema. Nikifika Mazeras vidole vyangu havijui vimeshika nini."

Nilipaswa kumuuliza yatetema ikiwa imesimama au ikienda. Neno moja tu! Sikuuliza. Nilimwambia aniachie, arudi alasiri.

Nikachukua ndoo, nikateremka ufuoni, nikachota mchanga. Gereji nilikuwa na mtungi mmoja wa maji matamu, niliununua asubuhi kwa mwenye mkokoteni, nimeuweka wa kufuturia. Nikautazama ule mtungi, nikautazama mchanga. Nikaenda kisimani. Mnaokaa Likoni mnayajua maji ya visima vyetu, ukiogea unabaki na ngozi inakukaza kwa chumvi. Nikauosha mchanga wa chumvi kwa maji ya chumvi, tena mara moja, nikauanika juu ya bati muda wa swala ya adhuhuri, nikaujaza ungali na unyevu. Nilijiambia mchanga ni mchanga.

Alasiri walikuja wote wawili. Bi Kadzo alikuwa amenibebea mahamri. Yeye Mkristo, lakini hakusahau kwamba nimefunga. "Haya ya kufuturu, mwanangu," akasema. Mzee akaizungusha pikipiki kidogo barabarani, akarudi anatabasamu. Usukani umetulia. Bila shaka ulitulia, ulikuwa mzito kama jiwe!

Mama ndiye aliyeuliza. "Imepona kweli?"

"Imepona, mama."

"Nauliza kwa sababu mimi nakaa nyuma. Mimi sina cha kushika ila huyu mzee, na huyu mzee hana cha kushika ila huo usukani."

Nikamwambia, "Wallahi, mama, imepona."

Niliapa. Nimefunga, Ramadhani, kumi la mwisho, nikamtaja Mungu juu ya kitu nisichokikagua. Tangu mambo yaliyofuata, neno hilo sijaweza kulitamka tena. Watu wakiniapia sokoni natazama chini.

Ukapita mwaka na zaidi. Siku moja mzee akaja peke yake kubadilisha oili. Akanionyesha ncha ya kushoto ya usukani. "Fundi, hapa patoka majimaji mekundu. Na ule mtetemo warudi kidogo kidogo. Mkono wa kushoto wafa ganzi."

Nilijua pale pale, nisidanganye. Maji mekundu yakitoka ndani ya bomba la chuma ni nini kama si kutu? Lakini walikuwepo wateja wanne kwenye benchi, na juu ya vichwa vyao lile bati limeandikwa Daktari. Nikaona nikiufungua usukani mbele yao, ukimwagika uozo, jina langu limekwisha.

Nikachukua kitambaa, nikafuta. "Ni raba ya mkono inayeyuka kwa jua, mzee wangu. Na ganzi hiyo," nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "hiyo si pikipiki, ni uzee!"

Wakacheka wote. Mzee naye akacheka, akaukunja na kuukunjua mkono wake wa kushoto, akautazama kama anauona mara ya kwanza. Kisha akanishukuru, akaenda zake.

Wiki tatu baadaye walikuwa wakienda Kaloleni kwenye harusi. Baada ya Mazeras kuna mahali pana matuta. Mzee alikanyaga breki, tairi la mbele likapanda tuta, pikipiki ikayumba upande wa kushoto na kuanguka. Mzee alivunjika bega. Bi Kadzo hakuamka. Ole wangu!

Pikipiki ililetwa kwangu kwa pikapu, maana mimi ndiye fundi wao. Mpwa wa mzee akanambia, "Tazama, hata usukani umekatika kwa kishindo cha kuanguka." Nikaitikia. Alipoondoka nikaufunga mlango mchana kweupe, nikachuchumaa.

Usukani ulikuwa umekatika upande wa kushoto, pale unapoingia kwenye kibano. Chuma kilichokatika leo huwa kinang'aa. Kile kilikuwa cheusi na chekundu, kimeliwa miezi mingi, kimebaki ukingo mwembamba kama ganda la yai. Nilipokiinamisha mchanga ukatoka, mbichi, rangi ya matofali. Nikautia ulimini. Chumvi.

Haukukatika kwa sababu ya kuanguka. Walianguka kwa sababu ulikatika.

Nikageukia injini. Bolti moja ya mbele inayoishika ilikuwa imelegea, naizungusha kwa vidole. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitetema tangu siku ya kwanza. Spana moja na robo saa, jamani! Robo saa, na Bi Kadzo angekuwa yuko kwake leo. Na mimi nikaufagia ule mchanga, nikakitia kipande cha usukani ndani ya kopo la grisi, nikalifunika na kulisukuma chini ya benchi.

Mazishini nilikwenda. Watu wakapanga foleni, kila mmoja anachota gao la udongo anatia kaburini. Zamu yangu ilipofika nikainama, nikashika, na kumbe kwao udongo ni wa mchanga. Vidole vikakataa kufumbuka. Mtu aliyekuwa nyuma yangu akanishika bega akidhani nimezidiwa na majonzi, akanambia, "Mwachie, kaka."

Nilipokwenda kumpa mzee mkono wa pole, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, bega limefungwa, mkono wa kushoto ameuficha chini ya shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akanitazama usoni. "Nilikuona ukilia. Usilie sana. Wewe ulinambia."

"Nilikwambia nini, mzee?"

"Ulinambia ni uzee. Sikukusikia. Pale kwenye tuta niliuona mkono wangu washuka, fundi. Nauona kwa macho yangu, washuka wenyewe, umeachia. Mkono huu ndio uliomuua mama yenu."

Mkono wake haukuachia kitu. Ulishuka kwa sababu kile ulichokishika kilishuka. Nilikuwa na jibu mdomoni, jamani, nalihisi kwenye meno! Wanawe wamekaa wanatusikiliza. Nikasema, "Ni mipango ya Mungu, mzee." Nikamsingizia Mungu mara ya pili.

Sasa ni mwaka wa pili. Binti yao amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la bibi yake kama ilivyo desturi yao. Nilikwenda kumtazama. Binti akamnyanyua Kadzo mdogo, akamwambia babake, "Baba, mpakate basi, hata dakika moja." Mzee akarudi nyuma na kiti chake. Bega limeshapona, daktari amemwambia mkono mzima, lakini ameukalia, anatikisa kichwa. "Mimi sishiki mtu," akasema. "Nitamwangusha." Binti akaniangalia mimi, eti nimsaidie kumbembeleza.

Siku hiyo nilitembea kwa miguu hadi barabara kuu, sikuweza hata kupanda chombo. Bati la Daktari nimeshalibandua. Lakini bado nikishika usukani wa mteja nasikia mchanga ukimiminika ndani, shaa, shaa. Naufungua, naukuta mtupu. Mikono yangu mwenyewe sasa yatetema, na hii haina bolti ya kukaza.

Mafundi wenzangu, nawaomba. Mtetemo usiunyamazishe kabla hujaujua watoka wapi. Usiweke mchanga wa bahari ndani ya chuma, na kama umeshaweka, mwite mteja leo, ufungue mbele ya watu, uaibike. Aibu ya gereji ni ya siku moja. Na wewe mwenye pikipiki, ukiona maji mekundu kwenye ncha ya usukani, usikubali kuambiwa ni raba. Fundi akikutania kuhusu mwili wako badala ya kukagua chombo chako, chukua chombo chako uende.

Mzee wangu, najua binti yako hukusomea ukurasa huu, wewe mwenyewe uliwahi kunambia. Sitaki ujue kwa gazeti. Nimemwomba mhariri aitoe barua hii Jumatatu. Jumapili, siku moja kabla, mkirudi kanisani, mtanikuta mlangoni na lile kopo. Nitalifunua mbele ya wanao, ukione kile chuma, ukiguse. Ukinipeleka polisi nitakwenda. Ukinilaani, nitaitikia amina.

Lakini kabla ya hayo yote, nakuomba utoe mkono huo ulioukalia. Haukumwachia Bi Kadzo. Mpakate mjukuu wako.