Herufi Zilizolalia Kushoto

Nilivunjika mkono wa kulia nikiwa na miaka minane, nilipodondoka kutoka kwenye mkorosho wa babu huko kwetu kusini, na mganga wa mifupa aliyeniunga alikuwa hodari wa maneno kuliko mifupa. Mkono ulipona ukiwa umepinda kidogo kwenye kifundo. Tangu hapo nikiandika, herufi zangu zinalalia kushoto, zote, kama watu waliosinzia kwenye benchi la hospitali. Mwalimu wa darasa la tatu alinichapa kwa ajili hiyo, akachoka, akaniacha. Sikudhani kama kasoro ndogo namna ile ingekuja kunitia hofu ambayo mpaka leo, nina wajukuu, sijaisahau.

Nilikuja Dar es Salaam nikiwa na miaka kumi na tisa, nikafikia kwa shangazi yangu. Alipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita pale Kariakoo, kwenye mtaa unaoteremka kuelekea Jangwani. Ilikuwa miaka ya foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na mara nyingine foleni ambayo watu waliipanga kwanza ndipo wakaulizana inauza nini. Ilikuwa pia miaka ya misako. Mtu asiye na kazi aliitwa mzururaji, na mzururaji alipandishwa lori akarudishwa shamba akalime. Mgambo walisimama kwenye kona za kuelekea sokoni wakidai vitambulisho, na niliwahi kumwona dada mmoja akipandishwa lori na ndala mguu mmoja, ile nyingine imebaki barabarani.

Mimi kitambulisho cha kazi sikuwa nacho. Nilikuwa na barua. Aliniandikia balozi wetu wa nyumba kumi, mstaafu wa reli, mtu wa kofia na heshima zake, kwamba mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika nyumba zake. Chama kilitaka kila balozi awe na darasa, na mimi nilikuwa nimemaliza la saba, basi tukafaana. Barua ile niliikunja ndani ya mfuko wa nailoni nikaiweka kifuani, na hata nikienda kuoga niliitundika pale ninapoiona. Bila barua ile nilikuwa mzururaji kama wengine.

Darasa lilikuwa uani, baada ya alasiri, wanawake ishirini na mmoja wamekaa kwenye mikeka na vibao vya kukunia nazi. Mkubwa wao kwa umri tulimwita mama wa dagaa, kwa sababu aliuza dagaa nje ya soko na harufu ilimtangulia kuingia. Niliandika ubaoni, wao wakanakili. Niliwaambia wanyooshe herufi. Wakanijibu, mbona zako zimelala? Nikaona tabu ya nini, nikawaacha. Mwaka ulipokwisha wote ishirini na mmoja walikuwa wanajua kuandika, na wote waliandika zikilalia kushoto. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ningejua yaliyokuwa yananingoja, nisingecheka.

Juu ya mtaa wetu palikuwa na godauni la ngozi mbichi, mali ya shirika moja la umma. Malori yalishusha ngozi zenye chumvi na damu, zikaoshwa humo ndani, na maji yake yakatoka kwa mtaro uliopita hatua tatu kutoka bomba letu la maji. Kiangazi tulivumilia harufu na nzi. Masika mtaro ulifurika, maji yale yakalizunguka bomba, na watoto wakaanza kutoka vidonda na kuharisha. Mwezi wa nne alikufa mtoto wa miezi tisa wa chumba cha nne, wa mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza amejifunza kuandika jina la mtoto huyo.

Tulipomaliza matanga, mama wa dagaa aliniuliza mbele ya darasa zima, "Mwalimu, sisi sasa tunajua kuandika. Tunamwandikia nani?"

Shangazi, ambaye kisomo alikikataa tangu siku ya kwanza, alikuwa mlangoni anapepeta mchele, akasema bila kuinua uso kwamba mdomo huponza kichwa. Nami moyoni nilikuwa upande wake kabisa. Godauni ni la umma, umma ni serikali, na siku zile redio haikupitisha taarifa ya habari bila kutaja hujuma. Nilisema tungoje masika iishe. Yule mama wa chumba cha nne akanitazama, sikurudia.

Wakaitunga barua wenyewe, mimi nikiandika ubaoni na aliyekuwa na mkono mzuri akiihamishia kwenye karatasi ya fulskepu. Haikuwa ndefu. Maji ya ngozi yanafika bombani, watoto wanaugua, mmoja amekufa, tunaomba godauni lihamishwe. Kazi ikawa kutia majina. Hakuna aliyetaka jina lake liwe la kwanza, maana wa kwanza ndiye ataitwa kiongozi, na kiongozi ndiye wa kuchukuliwa. Walisukumiana peni mpaka nikapata matumaini kwamba jambo litakufa hapohapo.

Mama wa dagaa akaingia chumbani kwake akatoka na sahani ya bati. Akaifudikiza juu ya karatasi, chini ya maneno yale, akaizungushia penseli. "Siku ya Idi tunakula sinia moja," alisema. "Nani amewahi kuulizwa nani alianza?"

Basi wakaandika majina yao kulizunguka lile duara, karatasi ikigeuzwa kama sinia, kila mmoja kwa upande aliokaa. Nami niliandika, kwa herufi ndogo kabisa, nimejibana katikati ya majina mawili marefu. Nilidhani nimejificha. Nakala moja ilipelekwa ofisi za jiji na nyingine tawi la Chama, na wiki mbili zikapita bila neno.

Balozi alinikuta bombani asubuhi moja. Shikamoo yangu aliiitikia kwa kidevu. Akasema katibu wa tawi ananitaka Ijumaa saa tisa alasiri. Alipokwisha kugeuka akakumbuka kitu, akarudi. "Na uje na ile barua yangu," akasema.

Ndoo nilibeba, lakini sijui nilifikaje nyumbani. Siku tatu zile nilikaa nikisikiliza barabara. Kila lori lililobadili gia kule barabarani lilikuwa langu. Nilijiona nashushwa kijijini mbele ya baba, yeye aliyewatambia majirani kwamba bintiye ni mwalimu Dar. Darasa halikukaa, hakuna aliyeliahirisha, watu hawakuja tu, nami niliwachukia kwa kutokuja na nikawashukuru. Shangazi alitoa kikapu akaanza kukipanga: gauni zangu mbili, kanga, kipande cha sabuni alichokuwa anakificha. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, akasema, na safari hii hakusema kwa kunisema. Nilitaka kumwambia kwamba kilio kimenijia mimi na shujaa si mimi, nikaishia kumkunjia kanga.

Ijumaa nilikwenda. Ofisi ya tawi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, picha ukutani na dirisha la nondo lisilo na kioo. Katibu alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, shati la kijani limepigwa pasi, na hakufoka. Angefoka nisingeogopa kiasi kile. Balozi alikaa pembeni, kofia magotini. Katibu aliipokea barua yangu ya ualimu, akaiweka chini ya kiganja chake, kisha akaigeuza ile fulskepu polepole, duara zima.

"Ndugu," alisema, "hapa kuna majina ishirini na mawili, na mwandiko mmoja."

Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaona anachokiona yeye. Majina yote yalikuwa yamelala kushoto. Akaeleza kwa utulivu kwamba wanawake wa mtaa ule anawajua, ni wauza dagaa na wapika maandazi, hawajui kusoma. Kwamba kuna mtu ameyaorodhesha majina yao bila wao kujua, na mtu huyo ni mchochezi, pengine ametumwa. Nilimtazama balozi aseme. Yeye ndiye aliyepeleka taarifa kila mwezi kwamba darasa linaendelea vizuri. Balozi alikuwa anaikagua kofia yake. Hapo nikatambua kwamba hakuwahi kukanyaga darasani hata siku moja, na kwamba chumbani humo tulikuwa waoga wawili.

"Ukikubali kwamba umeandika peke yako, shauri ni lako peke yako," katibu akaendelea. "Ukisema wameandika wenyewe, nitawaita mmoja mmoja, na kila mmoja atajieleza."

Ningependa kuandika hapa kwamba niliwafikiria wanafunzi wangu. Nililifikiria lori. Nilifikiria ile ndala barabarani. Nikasema wameandika wenyewe, jina langu mimi ni moja tu, lile pale dogo. Nikalionyesha kwa kidole. Akaniuliza nani alichora duara. Na kwa hilo hakunishikia fimbo, aliuliza tu, ningeweza kusema sijui.

"Mama wa dagaa," nikasema.

Katibu akamwambia balozi aende akamwite. Balozi akafungua mlango, akasimama hapohapo, maana hakuwa na haja ya kwenda popote. Mama wa dagaa alikuwa amekaa barazani, chini kabisa ya lile dirisha, ungo wake magotini. Nyuma yake walikuwa wengine, wamevaa kanga za kutokea. Walikuwa wamenifuata kwa mbali tangu nyumbani. Shangazi naye alikuwepo, na kikapu changu kichwani, tayari kwa lori. Dirisha lile halikuwa na kioo. Hata neno moja halikuwapita.

Nilitamani sakafu inimeze. Mama wa dagaa aliingia, akamsalimu katibu, akanipita bila kunitazama. Aliambiwa aandike jina lake kwenye karatasi tupu. Akafuta vidole kwenye kanga, akainamia meza, ulimi nje kama alivyozoea, akaandika. Alichukua muda mrefu kiasi kwamba nilisikia peni ikikwaruza. Jina lilipotimia lilikuwa limelala kushoto. Akampa peni aliyekuwa nyuma yake. Yule mama wa chumba cha nne akaandika, mkono ameushikilia kwa mkono wa pili, na lake nalo likalala. Wakaja wote. Kwenye fulskepu yetu hakukuwa na wa kwanza, lakini mlangoni mwa ofisi ile kulikuwa na wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kila mmoja alijua anachokifanya.

Katibu aliitazama karatasi mpya, akaitazama ya zamani. Akamgeukia balozi akamwambia, "Darasa lako linafundisha kweli." Balozi akasema ndiyo, ndugu katibu, kwa sauti ya mtu aliyeokolewa baharini. Sijui mpaka leo kama katibu alituhurumia au aliona lori moja halitoshi. Alinirudishia barua yangu, akasema shauri la maji litaangaliwa. Godauni halikuhama mwaka ule. Ila kabla ya vuli walikuja vibarua wakachimba mtaro mpya upande wa pili, na bomba likasogezwa juu, na hadi naondoka mtaa ule hatukuzika tena mtoto kwa sababu hiyo.

Wakati wa kurudi watu walianza kuongea kwa sauti, wengine wakicheka ovyo kama tunavyocheka tukishatoka kwenye hatari. Mimi nilitembea nyuma. Mama wa dagaa akapunguza mwendo mpaka tukawa sambamba. Nilingoja aniulize, na kama angeuliza ningelia. Tulipofika mlangoni akaushusha ungo.

"Nilisikia," akasema. "Mimi ningekutaja wewe mapema zaidi."

Akaingia ndani kuwasha jiko.

Jumamosi na Jumapili nzima nilijifungia chumbani nikijifunza kunyoosha herufi. Niliukaza mkono ule uliopinda mpaka kifundo kikavimba. Nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mtu atakayenitambua tena kwa mwandiko. Jumatatu darasa lilijaa, na nikaandika sentensi ubaoni, herufi zimesimama wima kama mgambo. Wanawake walianza kunakili. Mama wa dagaa aliziangalia kwa muda, akauliza, "Hizo za nani?"

Nikasema ndizo sahihi, ndivyo inavyotakiwa. Hakubishana. Aliinamia daftari lake akaendelea kuandika zile alizozijua, zimelala kushoto, na wa pembeni yake akachungulia, akafuta mstari wake, akaanza upya kumfuata yeye. Nilisimama na chaki mkononi, barua ya balozi ikinikwaruza kifuani. Kule barabarani lori likabadili gia. Nikafuta ubao, nikaandika tena kwa mwandiko wangu wenyewe, huku naogopa.