Msichana wa Kwenye Barua

Mjukuu wangu Mwanahamisi hukariri masomo yake kwa sauti huku mimi nikikuna nazi. Juzi nikamsikia: "*A girl* ni msichana yeyote. *The girl* ni yule mnayemjua." Nikaiweka nazi chini, nikamwambia arudie. Ndiyo maana nawaeleza nyinyi.

Dada yangu Mwanakombo alikuwa yaya wa memsabu mmoja wa Diani, na memsabu alipohamia Nakuru alikwenda naye. Mwaka ukapita kimya. Kisha ikaja barua ya Kiingereza kutoka kwa memsabu, inanukia sabuni ya kizungu, na kwetu Munje msomaji nilikuwa mimi, wa darasa la tatu.

"Haya, mzungu mweusi, tusomee!" jirani yetu Bi Mishi akanitania.

Mwalimu Zuberi alitufundisha kwamba vile vineno vidogo, *a* na *the*, tuviruke, havina Kiswahili. Nikaviruka. Nikasoma kwa maringo: "Ijumaa ninamtuma msichana kwa basi. Atawaeleza yote."

"Mwanangu anarudi," mama akasema, akaketi pale pale mchangani.

Ijumaa akamchinja jogoo aliyemnyima hata mjomba Hamisi, akapika wali wa nazi, akajipaka hina. Bi Mishi akamcheka mama: "We Mwanasiti, wapokea binti au wapokea bwana?"

Basi likasimama. Akashuka msichana wa bara, hatumjui, amebeba sanduku la dada. Mama akawa anachungulia nyuma yake, mlangoni, mpaka basi likaondoka.

"Shikamoo, mama," akasema. Jina lake lilikuwa Nyambura, yeye na dada walifanya kazi nyumba moja. "Mwanakombo alishikwa na homa. Tumeshamzika."

Mama hakulia kwanza. Alinigeukia mimi. "Si uliniambia anakuja?"

"Iliandikwa msichana, mama."

Miaka yote akamlaani memsabu kwa kumdanganya. Hata alipolala kwa maradhi ya mwisho aliniuliza: "Ile barua ilisema msichana, sivyo?" Nikamjibu ndiyo, nami niliamini hivyo.

Kumbe memsabu hakudanganya: aliandika *a girl*, msichana yeyote, nami nikakiruka kile kineno. Alishindwa kuiandika mauti, akatuma mtu aje aiseme. Aliyemrudisha Mwanakombo kwa siku zile chache, kisha akamfisha tena pale kituoni, ni mimi. Mama yuko kaburini sasa. Na hata angekuwa hai, sijui ningemweleza kwa maneno gani, maana kwetu ni msichana, na yule mwingine naye ni msichana.