Kitambaa cha Mama Hamisi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja pale Masasi, harufu ya plastiki iliyoungua ilipotoka jikoni kwa mama mkwe wangu, ikavuka ua mpaka kwenye meza yangu ya kutengenezea redio. Sogea karibu kidogo. Sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na hili sipendi ulisikie nusu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vilipoanza kuingia nchini kwa wingi. Watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni wakawa wanaona redio kaseti na friji zikishushwa kwenye malori. Mimi nilikuwa kijana, fundi redio, nimemwoa binti wa Mama Hamisi na kujenga ubavuni mwa nyumba ya wakwe kama ilivyo kwetu. Unaijua heshima ya mkwe. Nilimwamkia kwa mbali, naye akaitikia huku ameangalia pembeni, na neno lolote baada ya marahaba lilipita kwa mke wangu, Mama Zuhura. Jikoni kwake sikuwahi kukanyaga.

Baba mkwe alipofariki, Mama Hamisi alikaa eda, na eda ilipokwisha mwili ulitoka, moyo ukabaki ndani. Alikuwa haongei na mtu. Mwanawe mkubwa, Hamisi, aliyekuwa akifanya biashara Dar es Salaam, akamletea oveni ya umeme, mtumba safi wa ng'ambo wenye vitufe na saa ya namba nyekundu. Wapo waliocheka kwamba bibi wa watu ataigeuza kabati. Lakini alijifunza kuoka boflo, na ikawa kila asubuhi watoto wa mtaa wanagonga hodi kufuata mkate wa chai. Nikaanza kumsikia akitaniana na majirani ng'ambo ya ua. Sisi tuliomwona kimya muda wote ule tulikuwa tunamshukuru Mungu kwa sababu ya ile oveni.

Basi asubuhi hiyo oveni ikafa. Mama Zuhura alikuja kwangu macho mekundu.

"Mama anasema oveni tumpe mtu mwingine," akaniambia. "Anasema mkono wake una mkosi. Baba kamfia mikononi, vifaranga wamekwisha, na sasa oveni. Anasema kila anachokipenda kinamwondokea."

Niliumia sana kusikia vile. Nikamtuma aniombee ruhusa ya kuingia jikoni. Mama akatoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, nami nikaingia na bisibisi na testa yangu.

Kitu kikiharibika, mwanangu, usikimbilie kufungua tumbo lake. Anzia nje. Nilipima soketi, umeme upo. Nikachomoa plagi, nikatazama fyuzi, nzima. Nikapima elementi, vile vyuma vinavyotoa joto, navyo vizima. Ikabaki bodi, kile kibao chenye vidude na nyaya kinachoiamuru oveni iwake au izime. Kilikaa juu, nyuma ya vitufe. Nilipofungua, harufu ile ikanijaa puani. Bodi ilikuwa imegeuka kahawia katikati, lehemu zimepasuka kwa joto, na kwenye matundu ya kutolea hewa, juu yake kidogo, nikakuta nyuzi nyeupe zimegandia.

Nilizijua nyuzi zile. Juu ya oveni Mama alikuwa ametandika kitambaa kizito cha kufuma, chenye maua, kilichoning'inia mpaka mgongoni. Nani kwetu alikuwa na redio isiyofunikwa kitambaa? Kitu cha thamani tunakifunika, ndiyo adabu yetu. Yeye alikiacha hata wakati wa kuoka. Matundu yakaziba, joto likakosa pa kutokea, likarudi ndani na kuipika bodi pole pole. Ningeweza kusema hivyo kwa sentensi moja na kazi ikaisha. Lakini kitambaa kile Mama alikifuma ndani ya eda. Ndiyo kazi pekee mikono yake iliyoifanya siku zile zote za kumlilia mumewe.

Nikamwambia mke wangu kwamba bodi imeungua, nitatafuta nyingine, ila kitambaa tukiondoe kijanja.

"Akiniuliza kimekwenda wapi?"

"Sema panya."

Hakucheka. Alijua, na mimi nilijua, kwamba Mama angefuma kingine kesho yake.

Jioni akaja Mjomba Rashidi kutoka Chiwata na kikapu cha mihogo. Huyu alikuwa kaka yake Mama, na kwetu mjomba ndiye msemaji wa nyumba, kwa hiyo nikaona nimepata wa kunitua mzigo. Nikamweleza yote. Nikamwomba, kama lazima Mama aambiwe, amwambie yeye, na kama si lazima, basi tunyamaze sote.

Mzee alimenya kipande cha muhogo, akakitafuna mpaka kikaisha, ndipo akaniuliza, "Unamwonea huruma au unamwogopa?"

"Vyote viwili, Mjomba."

"Basi usinitume mimi. Nikienda mimi, atajua kosa limekuwa kubwa mpaka limeitiwa mjomba. Na wewe ukinyamaza, umemsaidia nini? Dada yangu ameshajitafutia sababu. Anasema ni mkosi. Hiyo aliyoipata mwenyewe ni mbaya kuliko hiki kitambaa chako unachokificha. Mwite aone."

Aliyasema bila kupandisha sauti, lakini yaliniingia. Nilikuwa najiona mkwe mwema kwa kunyamaza, kumbe nilikuwa namwacha mama wa watu na maneno yale yale yanayomla.

Bodi niliipata Newala. Hamisi alikuwa ameleta oveni mbili za aina moja, na ya pili aliichukua mwalimu mmoja, mama mtu mzima aliyehamishiwa kule kutoka Bukoba. Ya kwake ilikatika elementi zamani, na kweli yeye alikuwa ameifanya kabati. Nilipofungua mlango nikakuta sahani na kopo la sukari. Nikaipima bodi, nzima kabisa. Nikamwuliza anataka nini badala yake.

"Fundi, umefika Newala halafu unauliza?" akasema. "Niletee maji."

Kule juu mlimani maji yalikuwa adimu kuliko fedha. Nikateremka Masasi, nikapanda tena na madumu ya maji kwenye lori la korosho, na mwalimu akanipa bodi pamoja na chai ya kopo zima. Njiani nilikuwa naifikiria tochi ambayo ningemwomba Mama anishikie, ili aone mwenyewe.

Nilipofika nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikampa shikamoo, akaitikia. Kisha sikumtazama Mama Zuhura, nikasema mwenyewe, "Mama, samahani. Mle ndani mna giza. Naomba unishikie tochi."

Akauweka ungo chini. Mke wangu akainamisha kichwa. Kisha Mama akajitanda khanga vizuri, akaingia, akakaa kwenye kigoda akiwa amenipa bega, na tochi akaielekeza nilipoonyesha.

Plagi nilikuwa nimeshaichomoa. Nikaandika kwa chaki ukutani waya upi unakaa wapi, nikaitoa ile bodi iliyoungua, nikamwekea kwenye kigoda cha pembeni ili aone ile kahawia. Nikafunga mpya, waya baada ya waya. Nilipomaliza nikarudisha plagi, nikawasha. Namba nyekundu zikatokea. Tukasubiri ipate moto, sote watatu, Mama Zuhura amesimama mlangoni.

"Mama," nikasema, "weka kiganja chako hapa nyuma, karibu na matundu. Usiguse."

Akaweka.

"Hewa ya moto," akasema.

"Ndiyo. Inatokea hapo kila unapooka. Ikizibwa inarudi ndani, inaunguza kile kibao."

Akasogeza tochi. Akaziona zile nyuzi nyeupe. Akazitazama muda mrefu, nami nikawa najilaumu, nikasema moyoni Mjomba ameniponza.

"Kitambaa changu," akasema.

"Ndiyo, Mama. Kitambaa."

"Angeifunika mtu mwingine, je? Mwenye mkono mwema?"

"Ingeungua vile vile. Hata angeifunika nani."

Tochi ikashuka mapajani mwake. Akageuka, akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe binti yake.

"Basi si mimi," akasema. Akarudia kwa sauti ndogo, kwa ajili yake mwenyewe. "Si mimi."

Akalia palepale kwenye kigoda, na Mama Zuhura akapiga magoti akamshika. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ungo wa mchele bila kuuona, na nikautoboa. Kwa ungo ule nilitaniwa mpaka nikapata wajukuu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ninyi mna mikono myepesi, mnatengeneza vitu kuliko sisi, na mna huruma pia, nawaona. Lakini ukimtengenezea mtu kitu chake, usimfiche kilichokiharibu kwa kumwonea huruma. Asiyeambiwa sababu hakai bure, hujitungia yake, na aliyefiwa au aliyechoka hujitungia inayomgeuza yeye kuwa ndiye ubaya wenyewe. Keti naye. Mpe tochi aishike. Sema kwa upole, mwache aguse kwa mkono wake, na uwepo pale atakapolia.

Mungu akujalie mikono inayoponya vitu vya watu na ulimi usiowaumiza. Na siku kitakapokufia kile unachokipenda, ukaanza kujiona wewe ndiye mkosaji, akuletee mtu wa kukaa nawe chini na kukuonyesha kwamba si wewe.