Digrii Kumi za Chumba cha Samaki

Kultum binti Abdikarim hakuamini kitu kwa sababu tu kimeandikwa vizuri. Mjini Migori, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, alikuwa na meza na kompyuta, na hapo ndipo alipojifunza lugha za kuandikia programu, moja baada ya nyingine, bila mwalimu. Kila lugha aliipenda kwa ujanja wake. Katika Python vitu viwili hubadilishana nafasi kwa mstari mmoja, bila kutafuta mahali pa tatu pa kuweka kimoja. Go aliipenda zaidi: ukifungua faili, unaandika papo hapo kwamba lifungwe kazi ikiisha, maana hakuna anayeaminiwa kukumbuka. Rust nayo ilimhoji kila alipoazima kitu, nani anakishika na mpaka lini, na Kultum akaona amepata mwenzake. Dada yake Shamima alimwambia kwamba siku akiolewa atamhesabia mume vijiko vya sukari.

Programu ya Mama Trizah aliirithi kwa Elvis, mwandishi programu mwenzake. Mama Trizah hununua samaki ufuoni Homa Bay na kuwaweka katika chumba cha baridi. Kipima joto cha humo hutuma namba kwa kompyuta, na joto likipanda, kompyuta humtumia mama meseji, na nakala kwa anayeitunza programu. Elvis aliiandika kwa Ruby, kisha akapata kazi Kisumu akaenda zake. Kultum akaiandika upya kwa JavaScript, aliyoizoea. Tangu hapo meseji zikaanza kuja: digrii kumi. Zinakoma kwa muda, halafu kumi tena.

Mshika ufunguo wa chumba alikuwa Maroa, mtu mzima kutoka Kuria, ambaye mkewe Mellen na watoto walikula kwa kazi hiyo. Mama Trizah hakuwa na shaka: Maroa alikuwa akifungua mlango na kuuza samaki kwa siri. Akampigia Kultum simu aje kuthibitisha kwa macho yake, na kama ni kweli, Maroa aondoke jioni hiyo hiyo.

Maroa alimpokea kwa mikono miwili, akimwita madam. Kultum aliutazama unyenyekevu huo akajiuliza unaficha nini. Akaomba ufunguo, akautia kwenye mkoba, akaketi juu ya kreti mbele ya mlango. Maroa akasimama kando, mikono nyuma.

Mashine ilinguruma. Kioo kidogo cha kipima joto, pale mlangoni, kilionyesha tatu, kikashuka hadi mbili, kikakaa sana kwenye moja. Kisha kikasoma sifuri. Saa hiyo hiyo simu ya Kultum ikatetemeka: digrii kumi.

Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa mkobani. Kultum alipapasa waya wa kipima joto wote, akitafuta alipouchezea Maroa, asipate kitu. Na joto gani hili linaloruka hadi kumi bila kupitia tano? Ndipo shaka yake ikahama, ikaenda Kisumu. Elvis aliondoka ghafla mno. Akampigia.

"Elvis, uliniachia nini humu ndani?"

"Nilikuachia kazi. Ndio unaanza?"

Kultum hakucheka. Akafungua kompyuta ndogo aliyokuja nayo, akamsomea mstari wenyewe: chukua joto, au kama hakuna, weka kumi. Hiyo kumi ilikuwa tahadhari ya Elvis. Kipima joto kikinyamaza, heri mama ashtuke bure kuliko samaki waoze. Kultum alikuwa ameunakili jinsi ulivyo, pamoja na ile mistari miwili iliyosimama inayosema "au".

Elvis akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo 'au' umeihamisha tu hivyo hivyo? Kwa Ruby sifuri ni namba kama zingine. Huko kwa JavaScript sifuri inahesabiwa kama hakuna kitu. Si ni wewe ulikuwa ukinifundisha hayo?"

Alikuwa yeye, naam. Lakini mstari ulifanana na ule wa zamani, na jicho likapita. Basi kila Maroa alipofunga mlango vizuri mpaka chumba kikafika sifuri, programu iliona kimya, ikaandika kumi. Kadiri alivyolinda ndivyo alivyoshtakiwa.

Kultum akafuta mistari ile miwili, akaweka alama mbili za kuuliza. Hizo JavaScript huzisoma kwa makini zaidi: huuliza tu kama hakuna kitu kabisa, na sifuri huiacha ipite.

Mama Trizah alipofika akaelezwa yote. Akamtazama Kultum, akamtazama Maroa, akarudi kwa Kultum.

"Nyara, binti yangu, huyu amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, mama. Kosa ni langu."

"Mtu hasemi hivyo bure."

Kultum hakuchukia, yeye pia angeuliza hivyo. Akamkabidhi mama ufunguo na kumpisha kwenye kreti. Mlango ukaachwa wazi hadi kioo kikasoma nne, ukafungwa, wakangoja. Kikarudi sifuri, na simu ya mama ikanyamaza. Kultum akachomoa waya wa kipima joto. Meseji ya kumi ikaja. Mama akataka irudiwe, na safari hii akachomoa waya mwenyewe.

Kisha akamnyooshea Maroa ufunguo, uso ameugeuzia ziwani.

Maroa hakuupokea. "Leo uko hapa, mama. Kesho meseji ikija?"

"Ikija, nitaanza na huyu," akasema Mama Trizah, akimwonyesha Kultum kwa kidole.

Maroa akauchukua ufunguo, akaenda kuwafungulia wabeba kreti.