Pua ya Ndege wa Mjomba Elia

Sisi tuliokulia Itigi enzi zile tulisoma kuku kabla ya kusoma herufi. Ukiwekewa kifaranga mkononi, ulitakiwa kusema ni mtetea au jogoo, na ukikosea ulichekwa mpaka ugali unapoa. Umri tuliujua kwa magamba ya miguu. Mwenye madoa alikuwa kikanga, asiye na manyoya shingoni alikuwa kishingo. Mtoto wa leo ukimuuliza habari za kuku, anamjua yule aliyelazwa pembeni ya chipsi.

Kwa elimu hiyo ya kuku ndivyo tulivyompokea ndege wa Mjomba Elia.

Mjomba Elia, kaka yake mama, alikuwa fundi wa reli. Safari moja alirudi kutoka Dar na kasuku mdogo ndani ya kizimba cha waya, ndege asiyefika hata ukubwa wa ngumi yangu. Tumbo lilikuwa kijani cha majani ya masika, uso wa njano, na mistari myembamba myeusi ilianzia juu tu ya pua ikapita kichwani hadi mgongoni. Pua yenyewe, pale juu ya mdomo, ilikuwa laini, nyeupe yenye ubluu kwa mbali. Aliyemuuzia alimwambia ni dume, bado mtoto. Mjomba akampa jina la Sajenti.

Kazi ilipomwita upande wa Kigoma, alituachia.

"Dada, nitunzie mwanangu."

"Mwanao akimaliza uwele wangu, utakuja kunilimia," mama akajibu.

Nilimpenda ndege yule kuliko nilivyopenda shule. Nikitoka darasani nilikimbia moja kwa moja kizimbani, na yeye alipiga kelele kama mtu aliyecheleweshewa chakula. Miezi ilipita. Mistari ya usoni ikafutika, paji likabaki njano tupu, tukadhani ni jua. Kisha pua ikaanza kugeuka kahawia. Ikakauka, ikawa na mikwaruzo kama ukoko wa ugali chini ya sufuria.

Aliyefuga kuku anaijua ndui: magamba usoni, macho yanaziba, halafu banda linaisha. Msimu uliotangulia jirani yetu, Mama Neema, alichoma kuku wake wote nyuma ya nyumba, na harufu ya manyoya ilikaa puani mwetu hata tulipokuwa kanisani. Kuku wa mama ndio walionivalisha sare na kunipeleka shule. Nilimtazama ndege, nikawatazama kuku, sikujua nimwombee nani.

Mama aliiona pua ile asubuhi moja alipokuwa akimwaga uwele.

"Hii ni ndui."

"Ni uchafu tu, mama."

"Uchafu gani unaogomea maji?" Alikuwa ameshajaribu kuusugua kwa kona ya kanga.

"Mjomba anarudi leo na treni. Angalau amuone."

"Ndui haingoji treni, mwanangu."

Akaamua: kuku wasirudi kulala uani mle ndege akiwa hai. Atamnyonga, atamchoma, na kaka yake atapewa pole. Hakusema kwa ukali, na hilo lilinitisha zaidi. Mchana mzima nilifanya kazi masikio yakiwa stesheni. Nilichota maji, nikapepeta mtama, na kila upepo ulipovuma kwenye vichaka nikadhani ni honi. Treni za enzi zile mnazijua. Jua likashuka, kuku wakaanza kusogea uani mmoja mmoja, mama akawasha moto.

Alipoingiza mkono kizimbani, Sajenti alimng'ata.

"Mkali kama mwenyewe," mama akasema, bila kucheka.

Sasa, mama alikuwa na desturi moja. Hakuchinja kuku kabla ya kumpapasa chini ya mkia, penye ile mifupa miwili. Mifupa ikiwa imeachana, kuku alirudishwa bandani, kwa maana anataga. Ndege huyu alikuwa wa kuchomwa, si wa kuliwa, lakini kidole kilienda chenyewe kwa mazoea.

Akapapasa tena.

"Lete mkono."

Chini ya manyoya, chini ya ngozi laini kama sikio la mtoto, niligusa kitu kigumu kama harage.

"Sajenti ana yai," mama akasema.

Tukatazamana. Mtetea akikaribia kutaga, upanga wake wa kichwani hukolea wekundu, na uso wote hubadilika. Huyu hakuwa na upanga. Alikuwa na pua. Mama alimrudisha kizimbani polepole, lakini hofu haikumtoka. Alimhamishia jikoni, mbali na banda, na mimi nikakaa mlangoni kama askari.

Treni ilifika kesho yake, yai likiwa limeshatagwa sakafuni mwa kizimba. Mjomba aliinama kizimbani, akainuka amekunja uso.

"Dada, mmenibadilishia ndege. Mimi niliacha kijana."

"Nimembadilisha na nani, Itigi nzima? Na kunguru?"

"Na hilo yai je?"

"La mwanao wa kiume," mama akajibu, na hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia.

Nimehama miji mingi tangu siku zile, na begi langu halijawahi kuishiwa vumbi. Juzi nilipita Singida mjini kwa binti wa mdogo wangu, nikamkuta na ndege wa aina ileile, pua kahawia. Nikamuuliza ni wa namna gani. Akampiga picha, simu ikajibu kabla sijakaa: jike, mtu mzima, kijani cha asili.

"Na hiyo pua ndiyo afya yenyewe, mama mkubwa. Msiwe mnaogopaogopa."

"Umewahi kumshika?"

"Nimshike aninyee?"

Hakukosea hata neno moja, naye ni binti mwema. Sisi hatukujua kitu, karibu tuue kwa kutojua, ila kwa kuogopa huko tulimtazama ndege yule kila asubuhi na kila jioni. Nilichungulia kizimba cha ndege wa binti. Kikopo cha maji kilikuwa kikavu, kina vumbi. Nikainuka kwenda kuchota.