Uchovu Kwenye Kila Fomu

Jina la Bi Namba hakupewa kwa mapenzi. Wenzake wa ofisi ya madai ya bima, chumba kidogo nyuma ya maabara ya hospitali, walimwita hivyo kwa kuwa akikutana na mtu koridoni hukumbuka kipimo chake kwanza, uso baadaye. Kazi yake ilikuwa kuipa kila fomu namba mbili: ya kipimo kilichofanywa, na ya sababu ya kukifanya. Zisipooana, bima inakataa, na bima ikikataa hospitali nzima inamjia juu yeye, utadhani ndiye aliyemchoma mgonjwa sindano.

Vipimo vya homoni za tezi ya shingo ndivyo vilivyomtoa jasho. Madaktari waliviagiza kwa moyo mkunjufu, ila sababu hawaandiki, au wanaandika mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Bi Namba akajipatia dawa yake: pasipo sababu, weka "uchovu". Nani asiyechoka? Miaka tisa bima ikakubali, naye akatembea kifua mbele.

Lakini mwaka huu mwenyewe alikuwa hoi. Alisinzia mezani, akasahau nywila ya kompyuta, akavaa sweta wakati wenzake wanajipepea kwa mafaili. Mavyaa yake alishatoa hukumu: "Mwanangu kaoa gogo." Mchana Bi Namba alimlaani mama huyo, jioni akamwamini. Mwisho aliandika barua ya kuacha kazi, akaifungia kwenye droo aipeleke Ijumaa. Mvivu asizibe nafasi ya mtu, alijiambia, na roho ilimuuma kweli, maana kazi ile aliipenda.

Alhamisi fomu moja ya tezi ikarudi. Imekataliwa! Mkaguzi wa bima alibandika kikaratasi: "Mji wenu wote umechoka? Leteni sababu halisi." Shetani gani kamfundisha mkaguzi kusoma? Bi Namba akainyakua fomu, akamfuata daktari aliyeagiza kipimo, mzee mmoja mwenye haraka, akamkuta mlangoni na kikombe cha chai.

"Shikamoo daktari. Nipe sababu ya mgonjwa huyu, bima wananichokoza."

"Marahaba. Nina foleni hadi getini, mama. Wewe zitaje, mimi niitikie."

Kwa hilo hakuhitaji karatasi; orodha ya bima ya dalili za tezi aliijua kwa moyo. "Uchovu. Kunenepa na huku huli. Nywele kukatika. Ngozi kukauka. Kuhisi baridi kwenye joto. Kusahausahau. Sauti kukwaruza." Hapo sauti yake mwenyewe ikakwaruza, akakohoa.

Daktari alikuwa amesahau chai yake. Aliitazama sweta, kisha uso uliovimbavimba.

"Za mgonjwa ni mbili za kwanza," akasema. "Hizo zote saba ni za nani?"

Miaka tisa Bi Namba ameiimba orodha ile kama mtoto wa shule, na hata siku moja haikumpitia akilini kwamba ni miili ya watu, ukiwemo wake. Aliona aibu, kisha hofu.

"Pita maabara sasa hivi," daktari akasema. "Namba zako hazitakimbia."

Fundi wa maabara, mtani wake wa siku nyingi, alimfunga mpira mkononi, akavuta damu, kisha akaichukua fomu huku akicheka. "Sababu nishaijua. Uchovu, kama kawaida yenu."

"Thubutu!" Bi Namba akang'aka. "Andika zote saba."

"Bibie, nafasi yenyewe ni ya neno moja."

Aliinuka, pamba bado imebanwa kiwikoni, akaenda ofisini kwake. Alirudi na barua ya Ijumaa, akaigeuza upande mweupe, akamwekea mezani.

"Andika hapa, uiambatishe," akasema. "Anza na baridi. Uchovu uweke mwisho."